Programu ya kompyuta ya mezani itambueje kwamba mtandao umekatika au umerudi? Mjadala wa waandishi wa programu Dodoma na Singida

Mleta uzi

Wakuu, habari za majukumu.

Uzi huu nauelekeza kwa wenzangu wanaoandika programu za kompyuta za mezani kwa wateja wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani: programu za mauzo, za maghala ya mahindi, za viwanda vidogo vya kukamua alizeti na za maduka ya dawa. Karibu zote siku hizi zinatakiwa kupeleka taarifa kwenye seva iliyoko mbali, na karibu zote hukutana na hali ileile ya mtandao unaoondoka na kurudi bila kuaga. Ninataka tujadili namna programu inavyoweza kuyatambua mabadiliko hayo na inachopaswa kufanya ikishayatambua. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: taarifa ya mfumo endeshi (Windows, Linux na kadhalika) kwamba mtandao upo ni kidokezo tu, na programu inayotegemea kidokezo hicho kuamua kama ihifadhi kazi ya mtumiaji au isihifadhi imejengwa vibaya tangu msingi.

Nianze na Windows, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye kaunta za wateja wetu. Anayetumia .NET, zana za Microsoft za kuandikia programu, anapewa NetworkChange, ambayo imekuwapo tangu toleo la 2.0 la mwaka 2005, ikiwa na matukio mawili: NetworkAvailabilityChanged na NetworkAddressChanged. La kwanza ndilo linalopendwa kwa sababu jina lake linaahidi mengi, lakini kazi yake ni finyu. Linaangalia tu kama ipo angalau kadi moja ya mtandao iliyo hai, ukiacha ile ya ndani ya kompyuta yenyewe na zile za njia za kupitishia mtandao ndani ya mtandao mwingine. Kadi pepe zinazowekwa na programu za kuendesha kompyuta ndani ya kompyuta, kama VirtualBox au Hyper-V, zinaweza kuhesabiwa kuwa kadi hai, kwa hiyo kwenye kompyuta yenye kadi ya namna hiyo unaweza kuchomoa kebo na tukio lisitangazwe kabisa. La pili, linalotangaza kubadilika kwa anwani, huita mara nyingi zaidi na kwa maoni yangu ndilo lenye manufaa, mradi ulichukulie kama mlio wa kukuamsha ukaangalie, basi.

Sasa chukueni duka la Kibaigwa ambalo kompyuta yake ina UPS lakini ruta imechomekwa moja kwa moja ukutani. Umeme ukikatika, ruta inazima na kompyuta inaendelea. Umeme ukirudi, kadi ya mtandao inaiona ruta mara tu inapowaka na mfumo endeshi unatangaza kwamba mtandao upo, ilhali ruta bado inajiandaa, haijagawa anwani kwa mtu yeyote, na laini yake ya nje haijashika. Katika kipindi hicho Windows inaweza kujipangia yenyewe anwani inayoanza na 169.254, ambayo haimfikishi mtu popote nje ya chumba hicho. Programu iliyoandikwa kwa haraka itaanza kusukuma mzigo wote uliokuwa unasubiri, itashindwa, itamrushia muuzaji kisanduku cha kosa katikati ya skrini, kisha itajaribu tena na kurusha kingine. Muuzaji ana watu wanaosubiri kupimiwa mahindi mbele yake, na hana la kufanya na kisanduku hicho zaidi ya kukifunga bila kukisoma.

Hatua iliyo bora kidogo ni Network List Manager, iliyoletwa na Windows Vista. Hii inatofautisha kufika kwenye mtandao wa ndani na kufika kwenye intaneti, na inatangaza hali inapobadilika. Nyuma yake Windows huomba faili dogo kwenye msftconnecttest.com na kutarajia lijibu maneno "Microsoft Connect Test". Yakirudi maneno hayo, alama ya mtandao inakaa sawa pale chini ya skrini. Utaratibu huu ni mzuri, ila unajibu swali ambalo si letu. Unathibitisha kwamba seva ya Microsoft inafikika, na sisi tunataka kujua kama seva ya mteja inafikika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Katika hali ya namna hiyo inawezekana kabisa tovuti ya ng'ambo isifikike huku seva iliyoko hapahapa nchini ikiendelea kujibu, na programu iliyokuwa ikipima intaneti kwa kuuliza tovuti ya ng'ambo ingejifungia kazi bila sababu. Kinyume chake hutokea pia: intaneti iko shwari, ila seva ya mteja imezimwa na fundi aliyekwenda kuongeza diski.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Tukio la mfumo endeshi likiita, programu isifanye lolote papo hapo. Isubiri sekunde mbili au tatu bila tukio jingine, kwa sababu kadi inapopanda na kushuka matukio huja kwa mfululizo. Baada ya utulivu huo iulize seva yake yenyewe swali dogo, kwa anwani maalumu inayorudisha jibu fupi linalotambulika, na ikague maneno yaliyomo ndani ya jibu, isiridhike na msimbo wa 200, ule wa kusema ombi limefanikiwa, peke yake. Wengi tunafahamu kwamba bando likiisha, au ukiwa kwenye Wi-Fi ya hoteli, ombi lako linaweza kuelekezwa kwenye ukurasa wa kununua kifurushi au wa kuingiza nywila, na ukurasa huo hujibu 200 bila haya yoyote. Jibu likiwa sahihi, ndipo programu ianze kutuma. Lisipokuwa sahihi, isubiri na kuuliza tena, ikirefusha muda kati ya ulizo na ulizo: sekunde mbili, nne, nane, hadi kikomo cha dakika tano, na kila muda uchanganywe na nasibu kidogo. Nasibu hiyo ina kazi yake, maana umeme wa mtaa mzima ukirudi kwa pamoja, matawi yote yataiangukia seva katika sekunde moja iwapo yanahesabu kwa kipimo kilekile.

Lililo juu ya yote ni kwamba kitufe cha "Hifadhi" kisijue habari za mtandao hata kidogo. Kiandike kwenye hifadhidata ya ndani ya kompyuta, mimi hutumia SQLite, na kiweke kumbukumbu hiyo kwenye foleni ya kutumwa katika muamala uleule mmoja wa hifadhidata, yaani yote mawili yaandikwe au lisiandikwe hata moja, ili isitokee mauzo yakahifadhiwa bila kuingia kwenye foleni. Kutuma ni kazi ya sehemu nyingine ya programu, inayofanyika pembeni.

Karibuni kwa hoja.

---

Fundi wa Singida

Ndugu mleta uzi, nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo yako, lakini umetusahau tunaoandika kwa lugha ya Java. Huku hakuna tukio lolote la kutangaziwa mabadiliko ya mtandao. Kuna NetworkInterface yenye isUp(), inayosema kama kadi iko hai, ambayo unalazimika kuiuliza mwenyewe kila baada ya muda, na kuna isReachable() ya InetAddress, ya kuuliza kama seva inafikika, ambayo wengi wanaiamini kupita kiasi. Hiyo isReachable() kwa kawaida hutuma pingi ya ICMP, yaani ujumbe mfupi wa kuuliza "upo?", ikiwa ina ruhusa ya mfumo, na isipokuwa nayo hujaribu kufungua muunganisho wa TCP, ule wa kawaida wa kompyuta mbili kuongea, kwenye poti (mlango) namba 7. Seva nyingi za siku hizi zimezuia pingi, au poti 7 imefungwa na faiwoli, kwa hiyo unaweza kuambiwa seva haifikiki ilhali kivinjari kilichopo kwenye kompyuta hiyohiyo kinafungua ukurasa wake.

Jambo la pili ni gharama. Wateja wangu wa mashine za alizeti wanatumia modemu na hotspoti za simu, kwa bando wanalonunua wenyewe. Tuseme kila ulizo la HTTPS linagharimu kilobaiti 5, na programu inauliza kila sekunde 10. Hayo ni maulizo 8,640 kwa siku, sawa na megabaiti 43 hivi, na kwa mwezi unavuka gigabaiti 1.2, kabla hujatuma risiti hata moja. Mteja atakuuliza bando lake linakwenda wapi, nawe hutakuwa na jibu la heshima.

---

Mleta uzi

Mkuu, hesabu yako ni sahihi na ndiyo sababu sipendekezi kuuliza kila baada ya muda uleule. Mtandao ukiwa mzuri, kila ombi halisi lililofanikiwa ni ushahidi tosha kwamba seva inafikika, kwa hiyo hakuna haja ya ulizo la pembeni mpaka ombi lishindwe au tukio la mfumo endeshi liite. Na foleni ikiwa tupu, hakuna haja ya kuuliza kabisa.

Kuhusu bando, Windows tangu toleo la 8 inaweza kuieleza programu kama muunganisho unalipiwa kwa kiasi cha data au hauna kikomo, na programu yenye adabu husoma taarifa hiyo kabla ya kupakua picha za bidhaa au kujisasisha. Ila kuna mtego hapa ambao watu wa kwetu tunautumbukia kila siku: simu ikiunganishwa kwa waya wa USB ili kugawa intaneti, Windows huiona kama kadi ya kawaida ya Ethernet, na kwa kawaida Ethernet huhesabiwa kuwa haina kikomo. Kwa hiyo weka kwenye mipangilio ya programu chaguo la wazi lenye maneno "Natumia bando", na neno la mtumiaji liwe na nguvu kuliko la mfumo endeshi.

---

Mhasibu wa Kibaigwa

Mimi si mwandishi wa programu bali ni mtumiaji wa muda mrefu, na ninaomba mniruhusu niulize. Programu tuliyoletewa na mtaalamu mmoja ilikuwa na tatizo moja kubwa: mtandao ukiyumba wakati wa kuhifadhi, mauzo ya mtu mmoja yanaonekana mara mbili kwenye taarifa ya jioni. Mtaalamu alisema ni kosa la muuzaji kubofya mara mbili, nasi tukakaa na ugomvi na vijana wetu wa kaunta kwa muda mrefu. Je, kweli ni kubofya?

---

Mleta uzi

Mama, au baba, samahani sikujua nikuite vipi: kwa maelezo hayo, uwezekano mkubwa ni kwamba vijana wako hawana hatia. Kinachotokea ni hiki. Programu inatuma mauzo, seva inayapokea na kuyaandika, kisha jibu la seva linapotea njiani kwa kuwa mtandao umekatika katika nusu hiyo ya pili ya safari. Programu haikupata jibu, inadhani ombi halikufika, inatuma tena, na seva inaandika mara ya pili. Kutoka upande wa programu hakuna njia ya kutofautisha ombi lililopotea na jibu lililopotea, kwa hiyo hili haliponi kwa kupima mtandao vizuri zaidi.

Dawa yake ni kwamba kila muamala upewe namba yake ya utambulisho pale muuzaji anapobofya "Hifadhi", kabla haujagusa mtandao. UUID, namba ndefu ya biti 128 ambayo ni vigumu mno kujirudia, inatosha kabisa. Namba hiyo isibadilike hata muamala ukitumwa mara kumi. Upande wa seva, safu ya namba hiyo iwekewe sharti la kutojirudia, na seva ikiipokea mara ya pili irudishe jibu lilelile la mafanikio bila kuandika upya. Mwulize mtaalamu wenu swali hili moja: namba ya muamala inatengenezwa na kompyuta ya kaunta au inatengenezwa na seva? Akijibu kwamba ni seva, tatizo lenu ndilo hilo.

---

Mhasibu wa Kibaigwa

Ni mama. Nashukuru sana mwanangu, nitamwuliza. Ila namba za risiti je? Zikitengenezwa kaunta, kaunta mbili hazitagongana?

---

Mleta uzi

Shikamoo mama. Zitagongana ikiwa kila kaunta inahesabu kuanzia moja bila alama yake. Ndiyo maana kila kompyuta hupewa kiambishi wakati wa kusakinishwa, mfano KBG-02-000317, yaani kaunta ya pili, risiti ya 317. Utaona mapengo na mpangilio usiofuatana ukichanganya kaunta zote kwenye taarifa moja, lakini ndani ya kaunta moja mfululizo uko kamili na unakaguliwa kwa urahisi. Risiti ya kodi ni jambo jingine lenye taratibu zake na namba zake, isichanganywe na hii ya ndani.

Kwa maghala kuna la ziada. Programu isitume salio, itume mwendo. Kaunta ya kwanza ikituma "yamebaki magunia 380" na ya pili, iliyokuwa nje ya mtandao tangu asubuhi, ikatuma baadaye "yamebaki magunia 395", ya mwisho inaifuta ya kwanza, na magunia yaliyotoka kaunta ya kwanza hayaonekani tena kwenye hesabu. Zikituma "yametoka magunia 20" na "yametoka magunia 5", seva inajumlisha na hakuna kinachogombana, haidhuru ipi imetangulia kufika.

---

Mwanafunzi wa UDOM

Wakubwa, shikamooni. Mimi ninatumia Linux na ninaandika programu ya mradi wa mwisho kwa Qt, zana za kutengenezea programu zenye madirisha. Nimeona kwenye NetworkManager, inayosimamia mtandao kwenye Linux, kuna hali tano za muunganisho, kuanzia 0 isiyojulikana hadi 4 iliyo kamili, na hali ya 2 ikimaanisha kwamba kuna ukurasa wa kuingia unaozuia. Qt nayo kuanzia 6.1 imeleta QNetworkInformation. Je, hizi zinatosha, au nazo ni vidokezo tu? Na nina tatizo jingine: kompyuta mpakato ikilazwa na kuamshwa, programu yangu inakaa kimya kwa dakika nyingi kana kwamba imeganda, halafu ndipo inasema muunganisho umekatika.

---

Fundi wa Singida

Marhaba kijana. Nijibu hili la pili, kwa kuwa limenisumbua na mimi.

Muunganisho wa TCP hauna habari ya upande wa pili mpaka mmoja aseme kitu. Kompyuta ikilala, seva au ruta iliyo katikati inaweza kuufuta muunganisho huo kwenye kumbukumbu zake, na kompyuta ikiamka bado inaamini uko hai. Ukituma data, mfumo endeshi unarudia kuituma ukitumaini jibu. Kwenye Linux mpangilio wa kawaida ni marudio 15, ambayo kwa hesabu ya nyaraka zake ni sekunde 924.6, yaani zaidi ya dakika 15. Ukiwa unasubiri kusoma tu bila kutuma, utangoja zaidi, kwa sababu ukaguzi wa uhai wa TCP ukiwashwa kwa mipangilio ya kawaida huanza baada ya saa mbili. Hizi zilipangwa kwa dunia nyingine.

Kwa hiyo weka ukomo wako mwenyewe wa kusubiri kwenye kila ombi. Hata wenzetu wa .NET wakumbuke kwamba HttpClient, inayotuma maombi kwa seva, inasubiri sekunde 100 isipoambiwa vingine, na hakuna mtu kaunta atakayezisubiri. Sikiliza pia tukio la kuamka kwa kompyuta, na likitokea tupa miunganisho yote ya zamani ufungue mipya, usijaribu kuifufua.

---

Mleta uzi

Nakazia jibu la fundi, na kwa swali la kwanza: hali hizo za NetworkManager ni taarifa nzuri zaidi kuliko "ipo au haipo" ya NetworkChange, hasa hiyo ya 2, kwa sababu unaweza kumwambia mtumiaji afungue kivinjari akaingize nywila badala ya kumwacha akihangaika na kebo. Hata hivyo nayo inapima kwa kuuliza anwani iliyowekwa na wasambazaji wa mfumo wako, na kwenye baadhi ya mifumo ukaguzi huo haujawashwa. Endelea kuiuliza seva yako.

Kisha usisahau kwamba matukio haya, kutegemea zana unayotumia, yanaweza kufika kwenye tredi, yaani mkondo wa kazi ndani ya programu, tofauti na ile inayochora skrini. Ukibadilisha maandishi ya dirisha moja kwa moja ndani ya tukio kwenye .NET, programu inaweza kuanguka, au mbaya zaidi, ikaanguka siku moja moja. Pitisha ujumbe kwenye tredi ya skrini kwanza.

Na mtumiaji aonyeshwe nini? Visanduku vya kuruka katikati ya skrini viondolewe vyote. Mstari mmoja chini ya dirisha unatosha: "Yamehifadhiwa hapa. Yanayosubiri kutumwa: 14. Yalitumwa mara ya mwisho saa 4:12 asubuhi." Muuzaji akiusoma anajua kazi yake iko salama, na mhasibu anajua taarifa ya makao makuu imechelewa kwa kiasi gani. Rangi nyekundu ihifadhiwe kwa muamala ambao seva imeukataa kwa makosa yaliyomo ndani yake. Huo hautapona hata mtandao ukirudi, kwa hiyo utengwe pembeni ili usizibe foleni ya walio nyuma yake.

---

Mwanafunzi wa UDOM

Asanteni sana. La mwisho: ninajaribuje haya yote nikiwa chumbani kwangu Ng'ong'ona, ambako mtandao ukiamua kuwa mzuri unakuwa mzuri?

---

Mleta uzi

Usichomoe kebo ya kompyuta, maana hilo ndilo jaribio rahisi kuliko yote na programu nyingi hulifaulu. Chomoa ile inayoingia kwenye ruta kutoka nje, ili kompyuta iendelee kuamini ina mtandao. Kwa kuwa unatumia Linux, unayo pia amri ya tc yenye netem, ambayo inachelewesha na kupoteza pakiti kwa kiasi unachotaka: weka ucheleweshaji wa milisekunde 800 na upotevu wa asilimia 20, kisha ingiza mauzo mfululizo huku ukiizima na kuiwasha seva yako ya majaribio. Jaribu pia kuiua programu yenyewe ghafla katikati ya kutuma. Rudisha saa ya kompyuta nyuma mwaka mmoja uone itakavyokuwa, kwa sababu kompyuta nyingi za wateja betri ya ubao mama imekwisha, na saa ikiwa mbovu vyeti vya HTTPS hukataliwa na kila mtu hudhani ni mtandao. Ukimaliza, linganisha namba za miamala iliyoko kwenye SQLite na iliyoko kwenye seva, moja kwa moja, usilinganishe jumla ya fedha. Jumla inaweza kulingana huku muamala mmoja umekosekana na mwingine umejirudia.